Miezi minne ya sindano na mitishamba ya Kichina kwa endometriosisi: nilichobaki nacho na nilichokiacha

Kliniki ninayoitathmini hapa sitaitaja jina, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema ni malalamiko na nimekwisha kuyafikisha kwa wahusika wenyewe. Ninachotathmini ni huduma: miezi minne ya tiba ya jadi ya Kichina, yaani akupancha (kuchomwa sindano nyembamba sehemu maalumu za mwili) kila wiki pamoja na mitishamba ya kuchemsha, niliyoifuata kwa ajili ya endometriosisi iliyothibitishwa miaka mitatu kabla kwa upasuaji wa matundu madogo. Kwa msomaji mwenye haraka, hukumu yangu ni hii: sindano zimenipunguzia maumivu kiasi cha kunifanya niendelee nazo, mitishamba sina sababu ya kuirudia, na ahadi niliyopewa kwamba uvimbe ulio kwenye ovari yangu ya kushoto ungeyeyuka haikutimia.

Huduma ya namna hii haipimiki bila kuuelewa ugonjwa wenyewe, kwani wengi wanaoisifu na wengi wanaoibeza huwa wanazungumzia maumivu ya hedhi kwa jumla, yale tuliyozoea kuyaita chango. Endometriosisi ni jambo jingine. Tishu inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota mahali pasipo pake: kwenye ovari, nyuma ya mji wa mimba, juu ya utumbo au kibofu, na mara chache hata kwenye kiwambo cha chini ya mapafu. Tishu hiyo huitikia homoni ya estrojeni, huvimba na kuvuja damu, lakini damu hiyo haina mlango wa kutokea, hivyo mwili huipokea kama jeraha. Uchochezi, yaani tishu kuvimba na kuwaka, huleta makovu, makovu hunatisha viungo vilivyopaswa kuteleza, na neva mpya huota ndani ya vidonda hivyo. Ikiwa ni kwenye ovari, damu kuukuu hukusanyika ndani ya mfuko na kuwa nzito ya rangi ya kahawia, ndiyo maana madaktari huuita uvimbe wa chokoleti. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, karibu watu milioni 190.

Chanzo chake hakijafungwa kwa jibu moja. Mwaka 1927 daktari Mmarekani John Sampson alieleza kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kupandikiza chembe zake ndani ya nyonga. Maelezo hayo bado yanafundishwa, ila yana pengo ambalo kila mgonjwa anapaswa kulijua: damu hurudi nyuma kwa wanawake walio wengi sana, na wengi wao hawaugui. Lazima kuna la ziada, katika kinga ya mwili, katika homoni na katika urithi. Jambo la pili lenye kuchanganya ni kwamba madaraja manne yanayotumiwa kuupima ugonjwa hayalingani na maumivu. Mwenye madoa machache anaweza kushindwa kusimama, na mwenye viungo vilivyonatana kabisa akagundulika tu kwa sababu hapati mimba. Nayataja haya kwa kuwa kliniki niliyokwenda ilipima mafanikio yake kwa kitu kimoja leo na kingine kesho, na mgonjwa asiyejua tofauti kati ya maumivu na vidonda angeamini kwamba kupungua kwa kimoja ni kupona kwa kingine.

Hospitali nayo haina dawa ya kuung'oa ugonjwa huu. Ina dawa za kutuliza maumivu kama ibuprofeni, vidonge vya homoni, kitanzi chenye homoni, sindano za kuzima ovari kwa muda, na upasuaji wa kukata vidonda, ambavyo kwa baadhi yetu hurudi. (Ushauri wa kwamba mtu ashike mimba ili apone nimeupata mara nyingi kuliko dawa yoyote, mimba si tiba, na inasikitisha kwamba bado inaandikiwa watu kama vidonge.) Nilikwenda kwenye tiba ya Kichina si kwa kuikataa hospitali bali kwa sababu vidonge vya homoni, ninavyovimeza hadi leo, vilinipunguzia damu bila kunipunguzia siku mbili za kujikunja kitandani kila mwezi.

Miadi ya kwanza ilichukua saa moja na nusu. Hospitali nimezoea dakika kumi, na hapo ndipo huduma hii inapoanza kushinda kabla hata sindano haijatolewa kwenye pakiti. Tabibu aliniuliza damu ina rangi gani na kama ina mabonge. Kama tumbo linatulia likiwekewa chupa ya maji ya moto au linataka ubaridi. Kama maumivu yanapungua nikibonyeza au yanazidi. Usingizi, choo, jasho, miguu kuwa baridi usiku. Aliniomba nitoe ulimi, kisha niuinue ili aone mishipa iliyo chini yake. Halafu akaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wangu wa kushoto, akanyamaza kwa muda mrefu, akahamia wa kulia.

Katika mfumo wao, jina la ugonjwa wa hospitali si mwisho wa safari. Vitabu vya kale vya Kichina havijui endometriosisi. Vinajua hedhi yenye maumivu, mabonge ya tumboni na ugumba, na vinayaeleza kwa kanuni moja: palipo wazi hapaumi, palipoziba panauma. Kilichoziba kinaweza kuwa qi, yaani nguvu inayotembea mwilini, au damu iliyotuama, na sababu ya kutuama inaweza kuwa baridi, unyevu wenye joto, au udhaifu wa figo, ingawa neno figo kwao lina maana pana kuliko kiungo tunachokijua. Ndiyo maana wanawake wawili wenye majibu yaleyale ya upasuaji wanaweza kutoka na dawa tofauti. Mimi niliambiwa nina damu iliyotuama kwa sababu ya baridi. Kama taswira, nakiri inaniingia akilini, kwani inaelezea maumivu jinsi ninavyoyahisi kuliko karatasi yoyote ya maabara. Kama maelezo ya kinachotokea ndani ya nyonga, siikubali, na nilishtuka pale tabibu alipoweka kidole juu ya picha yangu ya altrasaundi, penye kivuli cha uvimbe wa chokoleti, akasema: "Unaona, dada? Hii ndiyo damu iliyotuama." Alichukua lugha mbili na kuzifanya moja kwa kuwa neno damu lipo katika zote.

Sindano zenyewe ndizo sehemu bora ya huduma. Ni nyembamba kiasi cha robo milimita, imara lakini zinapinda, na kila moja ilitolewa kwenye pakiti iliyofungwa mbele ya macho yangu na kutupwa kwenye chombo maalumu baada ya matumizi. Asiyeona hivyo mahali anapokwenda na aondoke. Sehemu iliyotumika kila mara ni Sanyinjiao, iliyo upana wa vidole vinne juu ya mfupa wa ndani wa kifundo cha mguu. Nyingine ni Guanyuan chini ya kitovu, Taichong upande wa juu wa mguu kati ya kidole gumba na cha pili, na matundu ya mfupa wa chini ya kiuno nilipolala kifudifudi. Kipimo chao, cun, ni upana wa kidole gumba cha mgonjwa mwenyewe, hivyo tabibu alinishika kidole kabla ya kunipima tumbo. Kuingia kwa sindano hakuumi kama sindano ya hospitali. Kinachofuata ndicho kigeni: tabibu huizungusha taratibu hadi uhisi uzito, kama kitu kimeikamata kutoka ndani, na ganzi inayotambaa kuelekea kwenye nyayo. Wao huita hali hiyo kufika kwa qi na hawaridhiki hadi waione usoni pako. Kwenye mgongo waliunganisha nyaya mbili zenye umeme hafifu, misuli ikawa inaruka kwa mpigo wa polepole. Kisha taa ya joto juu ya tumbo, dakika thelathini, mlango umefungwa. Kufikia mara ya tatu nilikuwa nasinzia.

Mara nne walinifukiza kwa majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga, yaliyosokotwa kama sigara nene na kuwashwa juu ya ngozi bila kuigusa. Joto lake linapendeza kweli kwa tumbo lenye hedhi. Moshi wake hautoki nguoni hadi nguo ifuliwe, na mara moja jivu lilidondoka likaniacha na alama ndogo chini ya kitovu. Waliomba radhi, ila walipaswa kuwa na kitambaa cha kukingia tangu mwanzo.

Niliweka daftari la maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10, kuanzia mizunguko mitatu kabla ya kuanza. Katika mizunguko hiyo, siku mbaya kuliko zote ilifika 8. Mwezi wa kwanza wa tiba hakukuwa na mabadiliko yoyote, nami nilikaribia kuacha. Mwezi wa pili ilikuwa 7, wa tatu 5, wa nne 5. Siku za kumeza ibuprofeni zilishuka kutoka nne hadi mbili. Usingizi ulikuwa bora tangu wiki ya pili. Kilichokataa kabisa kusogea ni maumivu ya wakati wa kwenda haja kubwa, ambayo daktari wangu anayahusisha na kidonda kilicho nyuma ya mji wa mimba, na uvimbe wa ovari ulipimwa sentimita 4 mwanzoni na sentimita 4 mwishoni. Nakumbusha pia kwamba sikuacha vidonge vya homoni, kwamba maumivu yana tabia ya kupanda na kushuka yenyewe, na kwamba kulala nusu saa mahali tulivu huku mtu akikujali si jambo dogo kwa mwili uliochoka. Siwezi kuigawa 8 na 5 hiyo na kusema kiasi gani ni cha sindano.

Utafiti uliopo unafanana na daftari langu kuliko nilivyotarajia. Mapitio ya mwaka 2011 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, kuhusu akupancha kwa maumivu ya endometriosisi yalitafuta kwa upana na kubakiwa na jaribio moja tu lililostahili, lenye wanawake 67, lililohusu sindano za sikioni. Majaribio yaliyofuata ni bora zaidi. Moja lililochapishwa mwaka 2023 kutoka vituo kadhaa nchini China, lenye wanawake 106, lililinganisha akupancha halisi na ya kuigiza kwa wiki 12, na maumivu ya hedhi yalipungua zaidi kwa waliochomwa kweli. Lakini tiba ilipokoma, nafuu haikudumu. Mwongozo wa chama cha Ulaya cha tiba ya uzazi, ESHRE, wa mwaka 2022 unawataka madaktari wazungumze na wagonjwa kuhusu njia zisizo za dawa, kisha unakataa kupendekeza hata moja, akupancha na tiba ya Kichina zikiwemo, kwa kuwa faida na madhara yake hayajawa wazi. Huo ni mkao wa haki. Mimi nimeamua kama mgonjwa mmoja, na mgonjwa mmoja anaruhusiwa kuamua mapema kuliko kamati.

Kwa mitishamba, mapitio ya Cochrane ya mwaka 2012 yalipata majaribio mawili yenye wanawake 158. Baada ya upasuaji, mitishamba ilionekana kulingana na dawa ya gestrinoni huku ikiwa na madhara machache, na ilionekana kuishinda danazoli. Tatizo ni kwamba dawa hizo mbili za zamani hazichaguliwi sana siku hizi kwa sababu ya madhara yake, hivyo kuzishinda si ushindi wa kujivunia sana. Bango lililo ukutani mwa kliniki limeandika kwamba mitishamba ya Kichina imethibitishwa kwa Tuzo ya Nobeli. Ni kweli kwamba Tu Youyou alipewa tuzo hiyo mwaka 2015 kwa artemisinini, dawa ya malaria iliyotokana na mmea wa tiba ya Kichina. Ila aliitenga kemikali moja, akaijaribu, akaijua kipimo chake. Tuzo yake haiwezi kuazimwa na kila kifurushi kilichofungwa kwa uzi.

Na vifurushi ndilo lalamiko langu kubwa. Wiki ya kwanza nilipewa vifurushi saba vya karatasi ya kahawia, bila jina, bila orodha, bila tarehe. Maelekezo yalikuwa ya mdomo: loweka nusu saa, chemsha, chuja, chemsha tena yaleyale, changanya maji ya kwanza na ya pili, kunywa yakiwa ya vuguvugu asubuhi na jioni. Nilipouliza kilichomo niliambiwa ni siri ya fomula. Nilivirudisha. Nikaeleza kilichotokea Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale wateja wa kliniki ya kupunguza uzito walipopewa mmea wa Aristolochia badala ya mwingine wenye jina la Kichina linalofanana nalo: zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Asidi iliyo katika mmea huo haina ladha ya kukuonya. Anayekunywa bila orodha anakunywa kwa imani.

Wiki ya pili orodha ilikuja, na kumbe siri yenyewe ilikuwa fomula inayojulikana kwa kila mwanafunzi wao: Shao Fu Zhu Yu Tang, ya tabibu Wang Qingren, iliyochapishwa mwaka 1830. Ina viungo kumi. Baadhi ni vya jikoni, kama shamari, tangawizi kavu na magome ya mdalasini. Kuna manemane, kuna mzizi wa dang gui, kuna chavua ya magugu ya majini. Kuna pia wu ling zhi, ambacho ni kinyesi kikavu cha kindi arukaye. Sisemi hivyo kwa dharau, dawa nyingi zimetoka mahali pasipotarajiwa. Nasema mtu ana haki ya kujua kabla ya kuinua kikombe. Kiungo kilichonihusu zaidi ni yan hu suo, kiazi kinachotumika kutuliza maumivu, kwa sababu kemikali yake kuu, tetrahidropalmatini, imewahi kuhusishwa na madhara ya ini ilipotengenezwa kama vidonge. Nilimwomba daktari wangu anipime ini kabla na baada, na majibu yalikuwa salama.

Dawa ni chungu, yenye harufu ya udongo na mdalasini, na sufuria inabaki na rangi. Nilikunywa wiki saba. Tumbo lilikuwa jepesi kupita kiasi kila asubuhi, na hedhi ya mwezi wa pili ilitoka nzito isivyo kawaida. Ikumbukwe kwamba kazi ya fomula hii, kwa maneno yao wenyewe, ni kuisukuma damu, na kwamba ibuprofeni nayo hupunguza uwezo wa damu kuganda. Siapi kwamba ndizo zilizosababisha, ila niliacha mitishamba nikaendelea na sindano, na nafuu kubwa zaidi ilikuja baada ya kuiacha. Anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, anayejiandaa kwa upasuaji, au anayetafuta mimba ana sababu nzito kuliko zangu za kutogusa dawa za kusukuma damu bila daktari wake kujua. Aliye mjamzito amwambie tabibu hata kabla ya sindano, kwani Sanyinjiao yenyewe imekatazwa na mapokeo yao kwa wajawazito.

Malalamiko mawili yaliyobaki ni mafupi. Mwezi wa pili tabibu alinishauri niache vidonge vya homoni, kwa hoja kwamba vinaifungia damu ndani. Nilikataa, naye hakusisitiza, lakini mgeni asiye na daktari wa kumuuliza angeweza kutii na kurudi kwenye maumivu aliyoyakimbia. Na kuhusu uvimbe, nilipompelekea altrasaundi ya pili yenye sentimita 4 zilezile, jibu lilikuwa kwamba ningehitaji miezi sita zaidi ya mitishamba. Hakuna kipimo alichokitaja ambacho kingemfanya siku moja aseme kwamba haikufaa.

Baada ya barua yangu ya malalamiko, meneja wa kliniki alinipigia simu. Vifurushi sasa vinatoka na orodha iliyochapwa, majina ya Kichina na ya Kilatini, uzito wa kila kiungo na tarehe. Bango la Nobeli bado lipo. Mimi nimebaki na sindano mara mbili kwa mwezi: moja katikati ya mzunguko, nyingine siku tano kabla ya damu. Anayetaka kujaribu aombe mapema miadi hiyo ya siku tano kabla ya damu, kwa maana miadi ya jioni hujaa wiki mbili kabla, na kupewa nafasi wakati hedhi imekwisha kupita hakumfai mtu.